Nyani Aona Mkato, Binadamu Apita Njia Ndefu



Mkulima yeyote ambaye shamba lake limepakana na msitu au mlima anamjua nyani. Ukisimamisha sanamu ya mtu kwa kijiti na koti kuukuu, siku ya kwanza nyani atakaa mbali akiitazama. Siku ya pili atasogea. Haipiti wiki, utamkuta ameketi karibu na hiyo sanamu akimenya mahindi yako bila wasiwasi. Ukimwachia mtoto ulinzi, nyani anajua huyu si baba yake. Nasi tunafanya nini? Msimu unaofuata tunasimamisha sanamu ile ile, pale pale, na koti lile lile.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Lakini katika jambo tunalotaka kulieleza leo, huenda ni sisi tusiojiona. Jambo lenyewe ni uwezo wa akili kuacha njia iliyoizoea na kushika nyingine wakati hali imebadilika. Sisi tutauita wepesi wa akili. Kinyume chake ni akili kukwama katika mazoea. Kwa kikundi cha maendeleo, tofauti ya hayo mawili yaweza kuwa tofauti ya ghala lenye chakula na ghala tupu.

JARIBIO LA MITUNGI

Hebu tuanze na jaribio ambalo mnaweza kulifanya wenyewe kikundini. Chukueni karatasi na kalamu.

Mko kisimani na mitungi mitatu. Wa kwanza unajaa vikombe 21, wa pili vikombe 127, na wa tatu vikombe 3. Hamna kipimo kingine. Mtapataje vikombe 100 kamili?

Jibu: jazeni ule mkubwa wa 127. Kutoka huo, jazeni wa kwanza mara moja, zinabaki 106. Kisha jazeni ule mdogo mara mbili, zinabaki 100. Vizuri.

Jaribuni tena. Mitungi ni ya 14, 163 na 25. Mnataka 99. Njia ni ile ile: toa 14, toa 25 mara mbili. Halafu 18, 43 na 10, mnataka 5. Ni ile ile tena.

Sasa mitungi ni ya 23, 49 na 3, na mnataka vikombe 20. Fanyeni kabla ya kuendelea kusoma.

Wengi watajaza mtungi wa 49, watoe 23, kisha watoe 3 mara mbili. Jibu ni sawa, 20. Lakini angalieni vizuri: mtungi wa 23 ukitoa 3 mara moja tu, umepata 20! Ile kazi nyingine yote ilikuwa ya bure. Ungekuwa unabeba maji hayo kichwani, shingo ingekwambia.

Mtaalamu wa saikolojia aitwaye Abraham Luchins alichapisha majaribio ya namna hii huko Marekani mwaka 1942. Aliona kwamba watu waliozoeshwa njia ndefu kwanza waliendelea nayo hata pale njia fupi ilipokuwa mbele ya macho yao. Wale ambao hawakuzoeshwa waliiona njia fupi mara moja. Lakini la kusikitisha zaidi ni hesabu nyingine aliyoweka: mitungi ya 28, 76 na 3, na unataka 25. Hapa njia ndefu haifanyi kazi kabisa. Toa 3 kwenye 28 na umemaliza. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza. Hata hivyo wako watu wazima waliojaribu ile njia waliyoizoea, wakaona imekataa, wakasema swali halina jibu.

Ndugu zetu, hapo ndipo mazoea yanapoacha kuwa uvivu mdogo na kuwa hatari. Mtu anasema "haiwezekani" wakati inawezekana, kwa sababu tu njia anayoijua imefungwa.

KIMA MBELE YA KOMPYUTA

Je, wanyama walio karibu nasi kwa maumbile wangefanyaje? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia State, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilowapa watu na kima kwa namna moja. Kima hao walikuwa wa aina mbili: kapuchini 22, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini na ya Kati, na resusi 7, ambao asili yao ni Asia. Watu walikuwa 56.

Kila mmoja alikaa mbele ya kompyuta. Alitakiwa kujifunza kwa kujaribu na kukosea, bila kuelezwa. Kwanza aguse mraba wenye mistari. Pili aguse mraba wenye madoadoa. Hapo pembetatu inatokea, naye akiigusa anapata zawadi. Kima walipata kipande cha chakula chenye ladha ya ndizi. Aliyekosea alisubirishwa kidogo bila kupata kitu. Wote walijifunza, watu na kima.

Baadaye watafiti wakabadilisha jambo moja bila kumwambia yeyote. Pembetatu ikaanza kuonekana tangu mwanzo. Ukitaka, fuata hatua zote tatu kama kawaida. Ukitaka, gusa pembetatu moja kwa moja uchukue zawadi yako.

Asilimia 70 ya kima waliutumia huo mkato mara ya kwanza kabisa ulipojitokeza. Kati ya wale watu 56, aliyefanya hivyo ni mtu mmoja tu! Tena asilimia 61 ya watu hawakuutumia hata baada ya kuuona tena na tena. Waliendelea kugusa mistari, madoadoa, pembetatu, kama mtu anayezunguka nyumba nzima kutafuta mlango ambao uko wazi mbele yake.

Haikuwa mara ya kwanza kuonekana hivyo. Mwaka 2015 jaribio la namna hiyo lilichapishwa kuhusu nyani wanaofugwa katika kituo cha utafiti kusini mwa Ufaransa. Nyani waliuchukua mkato, watu wazima wengi wakaukosa. Watu walipoonyeshwa mwenzao akiutumia, na kuambiwa wasiogope kujaribu jambo jipya, wengi zaidi waliutumia. Hata hivyo wako walioendelea na njia ndefu.

SANDUKU LA NGAMBA

Jaribio lingine lilifanyika hapa jirani, katika kisiwa cha Ngamba, Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Huko kuna makao ya sokwe yatima waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wafanyabiashara. Watafiti wawili, Victoria Horner na Andrew Whiten, walichapisha kazi yao mwaka 2005.

Walitengeneza sanduku lenye chakula ndani. Mtu mzima alimwonyesha sokwe mchanga jinsi ya kulifungua: alichokoa kwa kijiti katika tundu la juu, kisha akafungua kijimlango cha mbele, akaingiza kijiti na kutoa chakula. Ujanja ulikuwa hapa: ile kazi ya tundu la juu haikusaidia chochote. Ndani kulikuwa na ubao uliozuia kijiti kisifike penye chakula.

Sanduku lilipokuwa jeusi, lisiloonyesha ndani, sokwe walifuata hatua zote. Hawakuweza kujua ipi ni ya lazima. Lakini walipopewa sanduku la namna hiyo hiyo linaloonyesha ndani kama kioo, wakaona wenyewe kwamba kijiti cha juu kinagonga ubao tu. Wengi wakaiacha hatua hiyo na kwenda moja kwa moja mlangoni.

Watoto wa binadamu wa miaka 3 na 4, huko Scotland, walipewa masanduku hayo hayo. Waliona ubao, waliona kijiti hakifiki, lakini waliendelea kuchokoa tundu la juu kama walivyoonyeshwa na mkubwa.

KWA NINI TUKO HIVYO?

Msomaji asikimbilie kusema kwamba sokwe ana akili kuliko mtoto wake. Mtoto anapomwiga mtu mzima hatua kwa hatua, hata zile asizozielewa, anafanya jambo la maana sana. Ndivyo tulivyojifunza kusuka kiondo, kuchacha uji, kutengeneza mzinga, kusalimia wazee. Hakuna mtoto aliyeelezwa sababu ya kila kitu. Alimwamini mama yake, akafuata. Kwa imani hiyo, ujuzi wa babu umemfikia mjukuu bila kupotea njiani.

Kwa hiyo mazoea ni mali. Yanatupunguzia kazi ya kufikiri upya kila asubuhi. Shida inaanza hali inapobadilika na sisi tusibadilike.

Tena si watu wote wanaokwama kwa kiasi kimoja. Watafiti walikwenda kaskazini mwa Namibia kwa Wahimba, ambao ni wafugaji wanaohamahama, wakawapa jaribio la mkato. Matokeo yalichapishwa miaka michache iliyopita: Wahimba waliutumia mkato zaidi kuliko watu wa Marekani. Watoto wa miaka 7 hadi 10 nao waliutumia mara nne zaidi ya watu wazima, ingawa zaidi ya nusu yao bado walishika njia ndefu.

Watafiti wanashuku kwamba shule za mtindo wa kimagharibi zina mchango katika jambo hili. Mwanafunzi anazoeshwa kwamba swali lina njia moja sahihi, na anayeitoka anakatwa maksi. Sisi wenyewe tunakumbuka jinsi tulivyokariri kwa ajili ya mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mfugaji anayehamahama naye anafundishwa na mvua. Mwaka huu maji yako huku, mwaka ujao hayako. Akikariri njia moja, ng'ombe watakufa.

NYANI NAYE HUKWAMA

Lakini tuwe wakweli, wanyama hawa nao hukwama. Kuna jaribio la karanga iliyowekwa ndani ya mrija mrefu uliosimamishwa, ambao vidole havifiki chini. Dawa yake ni kubeba maji mdomoni na kuyatema ndani ya mrija hadi karanga ielee na kupanda. Mwaka 2007 ilichapishwa habari ya orangutani watano huko Leipzig, Ujerumani, ambao wote waligundua njia hiyo. Baadaye jaribio likafanyiwa sokwe, wakiwemo wale wa Ngamba. Baadhi yao waliweza, wengi wakashindwa. Masokwe wakubwa wa milimani na msituni, wale wanaoitwa gorila, hawakuweza hata mmoja.

Jambo la ajabu ni hili: huko Leipzig sokwe walikuwa na bomba la maji walilolizoea kwa kunywa. Hawakufikiri kulitumia kwa kazi nyingine. Bomba jipya lilipowekwa, baadhi yao wakafumbuka macho. Kumbe hata sokwe anaweza kusema moyoni, "Hili ni la kunywa tu." Watoto nao? Wa miaka 4 wachache sana waliweza. Wa miaka 8 zaidi ya nusu waliweza.

Hapa Kenya tuna mfano wetu. Tangu mwaka 1972 mtafiti Shirley Strum alikuwa akiwafuata nyani wa Kekopey, karibu na Gilgil. Ranchi hiyo ilipogeuka kuwa mashamba ya watu, baadhi ya nyani walizoea kuvamia mahindi. Mwaka 1984 makundi matatu yalihamishwa hadi Laikipia, mahali pakavu zaidi penye mimea mingine. Wahenga wamesema ujanja wa nyani huishia jangwani, na wengi walidhani wangekufa. Hawakufa. Waliwaangalia nyani wenyeji wanakula nini, wakaonja, wakajifunza, wakazaa. Hawakukaa chini kungoja mahindi ya Gilgil.

SI KILA MKATO NI HALALI

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri, maana mtu anaweza kusoma makala hii akafanya makosa makubwa.

Mgonjwa wa kifua kikuu kwa kawaida hunywa dawa kwa miezi 6. Baada ya wiki chache kikohozi kinapungua na anajisikia mzima. Akisema "nimeona mkato" na kuacha dawa, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa mkali, na dawa zile zile zisiuweze tena.

Au chukua mahindi. Kuyakausha vizuri kabla ya kuyaweka ghalani ni kazi ya kuchosha, na anayeiruka haoni tofauti siku hiyo. Lakini mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini iliyokuwa katika mahindi, na 125 kati yao wakafa. Mahindi yaliyohifadhiwa kabla hayajakauka ndiyo yaliyolaumiwa sana.

Basi tutajuaje mkato wa busara na mkato wa mauti? Rudini kwenye sanduku la Ngamba. Sanduku lilipokuwa jeusi, sokwe hakuruka hatua. Alipoona ndani, ndipo akaruka. Kanuni ni hiyo. Kama hujui hatua inafanya kazi gani, usiiache. Muulize kwanza anayejua, awe daktari, afisa wa kilimo au mzee. Ukishaona ndani na kukuta haifanyi kazi yoyote, iache bila woga.

TUFANYE NINI KATIKA VIKUNDI VYETU?

Tunapendekeza maswali matatu kwa kila jambo ambalo kikundi kinalifanya kwa sababu tu "ndivyo tunavyofanya siku zote".

1. Hatua hii inafanya kazi gani?

Kwa mfano, viko vikundi vya akiba ambavyo mpaka leo vinakusanya pesa taslimu, na mweka hazina anazibeba jioni peke yake njiani. M-Pesa imekuwepo tangu mwaka 2007. Mbona tunamhatarisha huyu mama? Lakini ulizeni pia: kule kuhesabu pesa mbele ya wote kulikuwa na kazi gani? Kulimfanya kila mtu aone kwa macho yake. Hiyo kazi ni muhimu. Kwa hiyo wacheni kubeba pesa, lakini mshikilie uwazi: taarifa ya akaunti isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote kila mkutano.

2. Desturi hii ilianza wakati gani, na hali ilikuwaje?

Wengi wetu katika sehemu kame tunapanda mahindi shamba zima kwa sababu wazazi wetu walipanda mahindi. Mvua ikikatika mapema, tunavuna mabua, halafu tunapanda mahindi tena. Hiyo ndiyo ile hesabu ya 28, 76 na 3: njia tuliyoizoea imekataa, nasi tunasema shamba halina jibu. Mtama, wimbi, kunde na ndengu huvumilia ukame kuliko mahindi. Ni kweli mtama una adui wake, ndege, na ndiyo sababu moja watu waliuacha. Basi tuzungumzie ndege. Tusikatae mtama kabla ya kuujaribu.

3. Je, tunaweza kujaribu kidogo kwanza?

Kima akigusa pembetatu na kukosea, hasara yake ni kipande kimoja cha chakula. Mkulima akikosea, hasara ni ada ya shule na chakula cha miezi sita. Ndiyo maana tunashikilia tulichozoea, na hakuna wa kutulaumu. Dawa yake ni kufanya jaribio liwe dogo. Tengeni pembe moja ya shamba, robo ekari au hata mistari michache, na mlinganishe mwisho wa msimu. Kikundi kikiwa na wanachama 20 na kila mmoja akijaribu mistari michache, mtakuwa mmejifunza mengi bila yeyote kulala njaa.

Pamoja na hayo, wasikilizeni wale ambao bado hawajazoea. Mtoto, mwanachama mpya, au mtu aliyehamia kutoka sehemu nyingine akiuliza, "Kwa nini mnazunguka huku?", msimjibu, "Wewe umekuja juzi." Huenda yeye ndiye peke yake anayeuona mlango ulio wazi. Luchins aliwaambia baadhi ya watu wake waandike kwenye karatasi maneno ya kujionya wasiwe vipofu, na onyo hilo dogo liliwasaidia wengi kuiona njia fupi. Nasi tunaweza kuweka katika ajenda ya kila mkutano dakika kumi za swali hili: ni jambo gani tunalifanya kwa mazoea tu?

MASWALI YA KUJADILI

1. Fanyeni jaribio la mitungi. Wangapi waliiona njia fupi? Waiteni watoto nao wajaribu, bila kuwapa zile hesabu tatu za kwanza. Kuna tofauti gani?

2. Tajeni hatua moja katika kazi ya kikundi chenu ambayo hakuna anayejua sababu yake. Nani anaweza kuulizwa?

3. Tajeni mkato mmoja ambao watu wa kijiji chetu wanautumia na ambao unaleta madhara. Tutawaonyeshaje ndani ya sanduku?

4. Msimu ujao, kila mwanachama atajaribu nini katika mistari michache ya shamba lake, na nani ataandika matokeo?